Tawi Aliloangukia Wifi

Kazini walimwita Shubiri, na asikudanganye mtu kwamba lilikuwa jina la utani la mapenzi. Mwenyewe alilijua. Siku moja alilisikia likitamkwa nyuma ya mlango wa jokofu, akausukuma mlango, akamkazia macho msemaji mpaka yule bwana akasahau alichokuwa amekuja kutafuta. Kisha akachukua kisahani chake cha vijidudu akaondoka bila neno. Shubiri ni chungu lakini ni dawa, alijiambia. Wanaotaka asali wakairambe kwingine.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya maabara ya hospitali, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na dirisha lisilofunga sawasawa, feni iliyozunguka huku ikilalamika, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, na kompyuta ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kitako cha kiti chake kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake. Ukikikalia ukidhani hayupo, ungejua umekosea hata kabla hajaingia, maana viatu vyake vilisikika tangu mlango wa mapokezi.

Kazi yake ilikuwa kupanga koo za vijidudu. Mgonjwa akiharibika kidonda, mtu wa wodini hukipangusa kwa kijiti chenye pamba, na kijiti hicho huletwa maabara ndani ya kichupa. Vijidudu hulishwa mpaka vikaongezeka na kuonekana. Kisha huulizwa maswali, kama mshitakiwa: dawa gani zinakuua, zipi unazidharau, sukari gani unakula, protini zako zimekaaje. Kila sampuli inatoka na mstari mrefu wa majibu. Mistari hiyo inalinganishwa miwili miwili, na kila jozi inapata namba yake ya umbali. Wanaofanana wana umbali mdogo, wasiofanana wana umbali mkubwa. Hapo ndipo Shubiri alipokuwa akivuta kiti chake.

Mwanzo kila sampuli inasimama peke yake, yatima. Unatafuta mbili zilizo karibu kuliko zote, unaziunganisha, nazo zinakuwa nyumba moja. Unatafuta tena, unaunganisha tena, sampuli na sampuli, nyumba na nyumba, mpaka zote zimeshikana katika mti mmoja wenye vijiti chini na shina juu. Watu husema undugu ni kufaana, si kufanana. Msemo huo uachiwe majumbani. Kwenye meza ya Shubiri undugu ulikuwa kufanana na basi.

Ugomvi wa wataalamu huanzia kwenye nyumba. Ukishakuwa na nyumba yenye watu watano, umbali wake na jirani unaupima kutoka kwa nani? Wako wanaopima kutoka kwa yule aliye karibu zaidi na jirani. Wako wanaopima kutoka kwa aliye mbali zaidi. Wako wanaochukua wastani wa wote. Njia zote zimo vitabuni, hakuna iliyopigwa marufuku, lakini kila moja ina tabia zake kama mtu. Ile ya aliye karibu zaidi ina ugonjwa wa mnyororo. Wewe unafahamiana na muuza mkaa, muuza mkaa anafahamiana na kinyozi, kinyozi anafahamiana na mwizi wa kuku, na mwisho wake polisi wanakuja kwako kuuliza kuku wako wapi.

Na mti ukishasimama lazima ukatwe. Unapitisha mstari, na kilichobaki kimeshikana chini ya mstari unakiita kundi. Ukikata juu, ukoo unakuwa mkubwa mpaka hauna maana. Ukikata chini, kila mmoja anarudi kuwa yatima. Pa kukata hapaandikwi popote. Panaamuliwa na mtu, na mtu ana macho, ana tumbo, ana watu anaowachukia.

Kwa sababu hiyo maabara ile ilikuwa na mwiko wake. Aliyeuanzisha alikuwa bosi wa kwanza wa Shubiri, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya king'ora ambaye sasa amestaafu. Kichupa kikifika mapokezi, karani anabandika plasta juu ya jina, plasta ile ile ya vidonda, na anaacha namba tu kwenye kifuniko, namba za wagonjwa zikiwa na alama yake. Mti unakatwa kwanza, plasta inabanduliwa baadaye. "Ukilijua jina," yule mama alikuwa akisema, "humwoni tena mdudu, unamwona mtu." Shubiri aliushika mwiko huo kuliko hata mwenye kuuanzisha. Mfanyakazi mwenzake aliwahi kubandua plasta mapema kwa haraka tu, hakuwa na nia yoyote mbaya. Shubiri aliutupa mti wake wote na kumrudisha mwanzo, na yule dada aliomba kuhamishiwa idara ya damu. Nyumbani nako aliutangaza mwiko huo kila walipokaa kula na ndugu wa mumewe, mpaka watoto wakaukariri.

Sasa tumfikie wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa muuguzi wa kufunga vidonda katika wodi ya upasuaji, hospitali hiyo hiyo. Alikuwa na mkono mwepesi, wagonjwa walimpenda. Mdomo wake lakini haukuwa mwepesi hata kidogo. Nyumbani kwa kaka yake aliingia bila hodi, akafunua sufuria, akaonja, akasema "mh!" na kuifunika. Hayo Shubiri aliyavumilia, maana wifi ni wifi. Asichoweza kukimeza ni siku ya msiba wa mama mkwe. Bibi yule aliugua muda mrefu katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na Shubiri ndiye aliyemwogesha, akambadilisha shuka, akamnywesha uji kwa kijiko, kisha akakimbilia kazini na macho mekundu. Watu walipojaa uani, wifi alisimama akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mama yangu amekufa na njaa, na mke wa kaka yangu yuko kazini analisha vijidudu!"

Wengine walicheka. Msibani, na walicheka. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hili lilichaguliwa vizuri sana, maana lilikuwa na ukweli nusu ndani yake: ni kweli siku ile mama mkwe alipokata roho Shubiri alikuwa kazini. Alijifunga kanga upya, akaendelea kugawa maji kwa wageni, na tangu siku hiyo akamchukia wifi yake kwa chuki safi, isiyo na mchanganyiko. Aliitunza kama watu wanavyotunza vyombo vya wageni.

Basi vidonda vikaanza kuharibika katika wodi ya upasuaji. Kwanza mama mmoja aliyetolewa uvimbe, kisha kijana wa goti, kisha wengine. Mishono iliachia, usaha wa rangi moja, harufu moja. Mganga Mkuu wa hospitali, mtu wa tai na haraka, alimwita mkuu wa maabara pamoja na Shubiri ofisini kwake.

"Nataka kujua ugonjwa huu unatoka wapi," alisema. "Sitaki hadithi, nataka jina."

"Maabara haitoi majina, daktari," alisema Shubiri. "Inatoa makundi."

"Basi nipe kundi lenye jina ndani yake."

Wodi yote ikapanguswa: vidonda, vitoroli, mabomba, masinki, chupa ya dawa ya kusafishia vidonda, na mikono ya kila anayegusa mgonjwa. Vichupa vikafika mapokezi, karani akabandika plasta, Shubiri akavilisha, akaviuliza, akapata jedwali lake la umbali. Vingi vilikuwa vya jamii moja ya vijidudu. Kilichotakiwa ni kujua ukoo.

Mti wa kwanza aliusimamisha kwa njia ya wastani, ndiyo aliyozoea. Ulisimama vizuri. Vidonda vyote vilijikusanya tawi moja, vimebanana, na kati yao kulikuwa na kichupa kimoja ambacho namba yake haikuwa ya mgonjwa. Matawi mengine yalikuwa mbali. Kilichobaki kilikuwa kukata, na pa kukata palionekana hata kwa mtu mwenye usingizi.

Hakukata. Aliinuka akafunga mlango.

Alijua mkono wa wifi yake umo katika vile vichupa. Hakujua ni upi, lakini umo. Siku zote za kuvilisha, kila alipoinamia kisahani alijiuliza, ndiye huyu? Alisimama mbele ya rafu, akachukua kichupa cha kwanza, akaingiza ukucha chini ya plasta. Ilibanduka na kelele ndogo. Si yeye. Akachukua kingine. Kile cha kwenye tawi la vidonda kilikuwa cha chupa ya dawa ya kusafishia. Akaendelea kubandua, na alipolikuta jina la wifi akaenda mbio kwenye mti kuitafuta namba. Ilikuwa kule pembeni, kijiti kirefu peke yake, jamii ile ile lakini ukoo mbali kabisa.

Na tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe wakati ule hakuusema: alivunjika moyo. Alitaka awemo.

Akakaa. Akajiambia kwamba njia ya wastani si amri ya Mungu. Mtaalamu makini anajaribu njia zote. Akabadilisha, akaichagua njia ya aliye karibu zaidi, na mti ukajipanga upya mbele yake. Mnyororo ukaanza kutambaa. Kidonda kikashika kidonda, kikashika chupa, chupa ikashika sinki, sinki likashika bomba la chumba cha kubadilishia nguo, na bomba likanyoosha mkono likaushika mkono wa wifi. Akasogeza mstari wa kukatia juu kidogo, kidogo tena, mpaka mkono ule ukawa ndani. Mabomba na masinki aliyaeleza kwa sentensi moja: maji huchafuliwa na mikono. Kisha akarudisha plasta zote mahali pake, akizibonyeza kwa kidole gumba zishike.

Hakuandika uongo hata mmoja. Aliandika kwamba vidonda, chupa ya dawa na mkono wa muuguzi mwenye namba fulani vimo katika kundi moja kwa njia inayotambulika. Mganga Mkuu aliisoma ripoti hiyo akasimama kabisa.

"Chupa haina miguu," alisema. "Mkono ndio unaotembea."

Chupa ikatupwa, wodi ikapewa nyingine. Wifi akapewa barua ya kukaa nyumbani mpaka kikao cha nidhamu, na kabla ya jioni hospitali nzima, mpaka kwa wapishi na walinzi, ilishajua ni mikono ya nani iliyokuwa ikiozesha watu. Miaka yote ya kufunga vidonda ikafutika. Kikao kikimkuta na hatia, angefukuzwa na kunyang'anywa leseni, na hakuna zahanati ambayo ingempokea tena.

Alikuja nyumbani kwa kaka yake siku hiyo hiyo. Kama kawaida, hakubisha hodi.

"Umefurahi?" alimuuliza Shubiri, ambaye alikuwa akipepeta mchele.

"Nimefanya kazi yangu."

"Kazi yako! Kazi yako ni kunichimba tangu siku ulipoolewa na kaka."

"Mti hauchagui mtu, wifi."

"Mti una mikono? Mti unaandika? Mimi nimefunga vidonda tangu wewe hujui hata kushika pamba!"

"Basi ungenawa."

Wifi alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. Mume wa Shubiri, mtu mpole aliyekuwa fundi wa redio na asiyependa kelele isipokuwa za redio, alitoka chumbani mikono juu. "Jamani, punguzeni sauti, majirani wanasikia."

"Waache wasikie!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana tangu wajuane.

Wifi alipoondoka, mume alikaa kwenye kigoda mbele ya mkewe. "Niambie, mke wangu. Ni yeye?"

"Mti umesema."

"Sikuulizi mti. Nakuuliza wewe."

Shubiri aliendelea kupepeta mpaka mchele ukawa hauna hata punje moja ya kutoa. Mumewe alisubiri, kisha akainuka akarudi kwenye redio zake. Tangu hapo akawa anakula kimya, anashukuru, anatoka. Na Shubiri, kama kuna mtu anayedhani alisutwa na roho, amekosea: alilala vizuri. Korido zilipokuwa zikimnong'ona wifi yake alipita katikati kichwa juu, na mara moja, peke yake chumbani kwake, aliimba.

Halafu kikaja kichupa kingine kutoka wodi ya upasuaji.

Alidhani ni cha zamani kilichochelewa. Akakipa chakula, akakiuliza maswali yake, akakiweka kwenye mti pamoja na wenzake. Kikaenda moja kwa moja tawi la vidonda, kikakaa katikati, pua kwa pua na ile chupa iliyokwisha kutupwa. Akaitazama tarehe ya kuchukuliwa. Wifi alikuwa nyumbani muda wote huo, hajakanyaga hata geti la hospitali.

Shubiri alivuta kiti karibu na kompyuta. Akavuta jedwali la umbali la mwanzo na kufanya alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: kulinganisha. Mti ni muhtasari, na kila muhtasari unadanganya kidogo. Ili kujua ni upi unaodanganya kidogo zaidi, unachukua umbali wa kila jozi kama ulivyo kwenye mti, unauweka ubavuni mwa umbali wa kweli uliopimwa, unaona vinakwenda pamoja au vinapishana. Mti wa wastani ulikwenda na jedwali lake hatua kwa hatua. Mti wa mnyororo ulipishana nalo kila mahali, na ulipishana vibaya kuliko kote pale kwenye mkono wa wifi. Alikuwa amewaunganisha watu ambao hata hawakuwa na salamu.

Na kama mkono si chanzo, basi chupa haikuchafuliwa na mkono. Ilikuja ikiwa chafu. Kila chupa ya wodi ilijazwa kutoka pipa moja kubwa stoo ya dawa, ambako dawa huchanganywa na maji. Hakuna aliyelipangusa pipa, kwa kuwa mkosaji alikuwa amepatikana. Walitupa chupa moja, wakajaza nyingine pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameifua akaianika Shubiri.

Akachukua kijiti chenye pamba, akaenda stoo mwenyewe, akalipangusa bomba la pipa huku akimwambia mtunza stoo alifunge na asimpe mtu hata tone. Mtunza stoo alitaka kuuliza kwa amri ya nani. Akautazama uso wake, akafunga.

Kisha miguu ikampeleka wodini, mahali ambapo kwa kawaida hakuwa akifika. Alitaka kukiona kidonda kilichotoa kichupa kile. Kilikuwa cha fundi cherehani mmoja wa makamo, aliyekuja kupasuliwa jipu la kiganja, kitu cha kwenda na kurudi. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko, umeegemezwa juu ya mto. Kidole gumba na cha shahada walikuwa wamevikata asubuhi ile, usaha usije ukapanda.

"Wewe ni wa maabara," alisema fundi, akilisoma koti lake. "Ndiyo nyinyi mnaotafuta hawa wadudu?"

"Ndiyo."

"Watafute, mama. Mimi wamenila mkasi." Alitaka kucheka. "Nimewaambia wateja wangu nguo za sikukuu zitachelewa. Sijawaambia kuchelewa mpaka lini."

Shubiri alisema pole. Neno lilitoka dogo, na fundi akalipokea kwa adabu, akamwambia asante, akamwuliza kama kuna mtu anayeweza kumsogezea kikombe cha maji. Alimsogezea. Alikishika mpaka fundi akamaliza kunywa, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa bado haujazoea.

Kikao cha nidhamu kilifanyika chumba cha mikutano, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na jagi la maji. Mganga Mkuu alikaa mwisho, metroni ubavuni mwake, mkuu wa maabara upande wa pili. Wifi alikaa peke yake, amevaa sare yake ya uuguzi iliyopigwa pasi, ingawa hakuwa ameruhusiwa kuivaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Shubiri alipoingia na karatasi zake, wifi hakumwangalia.

"Ripoti yangu ya kwanza haifai," alisema Shubiri kabla hajakaa. "Naomba iondolewe."

Mganga Mkuu alivaa miwani. "Haifai kivipi?"

Akawaeleza. Akautandaza mti wa mnyororo na mti wa wastani mezani, akawaonyesha jedwali, akawaonyesha kichupa cha fundi, akawaonyesha pipa, ambalo vijidudu vyake vilikuwa vimeota na kukaa tawi lile lile la vidonda, vimebanana navyo kama pacha. Mkono wa muuguzi ulikuwa kule pembeni, peke yake. Ulikuwa na vijidudu kama mkono wa binadamu yeyote. Haukumwambukiza mtu.

Metroni alishusha pumzi kwa sauti. Mganga Mkuu alikuwa tayari ameshaandika neno "pipa" na kulipigia mstari. Jina amekosa, lakini chanzo amepata. "Kwa hiyo," alisema, karibu kwa furaha, "ni tofauti ya njia za kitaalamu. Njia moja inasema hivi, nyingine vile. Mambo haya hutokea. Sista, utarudi kazini, na hospitali itakuandikia barua ya kukusafisha. Nadhani tunaweza kufunga."

Mlango ulikuwa wazi kwa Shubiri, na ulikuwa mlango wa kweli. Tofauti ya njia: hakuna neno la uongo hapo pia. Alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zilingane kingo.

"Mimi nina swali," alisema wifi.

Sasa alimwangalia. Alikuwa amekonda usoni, na macho yake hayakuwa na shukrani hata ya kuazima.

"Kila tukikaa kula unatuhubiria habari za plasta zako. Mti kwanza, jina baadaye. Watoto wa kaka wanaimba. Sasa niambie mbele ya hawa. Ulipouchora mti wa ile ripoti ya kwanza, ulijua ni mimi?"

Mkuu wa maabara aliacha kuandika. Yeye peke yake mezani alijua swali hilo lina uzito gani. Shubiri alimwona akiinua kichwa polepole, na akajua kwamba akisema hapana, mzee huyu ataamini, kwa kuwa ni yeye, Shubiri, aliyemfanya mtu ahame idara kwa plasta moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini maji haya yalikuwa baridi, na kwa muda alisimama ukingoni akiyachukia, akamchukia na wifi yake upya, kwa nguvu ile ile, kwa kumsukuma.

"Nilijua," alisema. "Nilibandua. Mti wa kwanza ulikutoa, nikachora mwingine mpaka ukaingia."

Mkuu wa maabara aliweka kalamu chini. Kisha Mganga Mkuu akakohoa, akaanza, "Hili sasa ni suala jingine la nidhamu, na nadhani itabidi..."

"Subiri, daktari, sijamaliza," alisema wifi, na Mganga Mkuu wa hospitali akanyamaza.

Alikuwa amesimama. Alizungumza bila kupaza sauti, jambo ambalo Shubiri hakuwahi kulisikia kutoka kwake.

"Mimi na wewe tunajuana. Nilikutukana mbele ya watu siku ya msiba wa mama, na sikuombi radhi, leo wala kesho. Ukanilipa. Sawa. Ningekuwa wewe, labda nami ningekulipa vibaya zaidi." Alivuta sare yake ikae vizuri mabegani. "Lakini yule fundi kule wodini, ambaye nakwenda kumfunga mkono sasa hivi, yeye alikukosea nini?"

Alisubiri jibu. Kweli alisubiri, wala haikuwa kejeli, alisimama pale mkono juu ya kiti, na wote mezani wakasubiri pamoja naye. Shubiri alifungua mdomo. Tangu utoto wake hapakuwa na mtu aliyemrushia neno yeye akakosa jibu, si kazini, si sokoni, si nyumbani. Alitafuta, akatafuta tena. Wifi yake akaona kwamba halipo, akakisukuma kiti mezani, akatoka kwenda wodini.